Waridi la Jangwa Linalotaka Kupuuzwa

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Bustani,

Salamu kwako na kwa wote mnaohangaika na mbolea. Naandika nikiwa na hasira, lakini mikono nimenawa.

Mke wangu amekwenda kwa dada yake kupumzika. Hakusema anapumzika kutokana na nini. Ameniachia waridi lake la jangwa, lile ua lenye shina lililovimba chini kama kitunguu, na mlangoni akaniambia: "Baba Mapacha, nakuomba usilihangaikie. Nikikuta umeliua, mimi hapa sikai."

Nanyi mkaandika kwamba ua hili linataka mchanga, jua kali na maji ya nadra, na kwamba likisahauliwa kidogo ndipo linapochanua. Napinga, kwa sababu hizi:

1. Huo ni uchochezi. Nimelinywesha asubuhi, mchana na jioni. Nimelifunulia mwavuli jua likiwaka. Nimelisomea tahariri za gazeti lenu, hata zile mbovu. Shukrani yake ni kupukutisha majani, na shina ukilibonyeza linabonyea kama ndizi iliyopitiliza kuiva.

2. Jirani yetu mshonaji analo kama hilo ndani ya kopo la rangi lililotoboka, nyuma ya choo. Limejaa maua mekundu. Nilipokwenda kudai maelezo, hakuacha hata kukanyaga cherehani. "Shemeji," alisema, "hilo ua haliumwi. Umelikaba koo."

3. Tukikubali kwamba uzembe unazaa maua, kesho muuguzi atamsahau mgonjwa ili apone, na mwalimu atasinzia ili wanafunzi wafaulu. Serikali sitaitaja. Imetutunza kwa mtindo huo miaka yote, na bado sijaona tukichanua.

4. Mke wangu nilikuwa nampigia simu kila baada ya mlo kumpa hali ya majani. Akaacha kupokea, nami nikasusa kupiga. Hilo nalo liko juu yenu.

5. Kwa hiyo nadai mfute ushauri wenu ukurasa wa mbele, na ua hili lihojiwe na jopo la watunza bustani. Likishindwa kujieleza, lirudi jangwani kwa miguu yake lenyewe.

Kwa sasa nimelitupa juu ya paa lisinivuruge. Tangu hapo barua hii imenila wiki kadhaa, maana kila nikiisoma naiona bado ina upole.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, mfagizi wa ofisi, na huyo mwandishi wa ukurasa, ingawa hastahili.

Ni mimi, nisiyesahau kitu,
Baba Mapacha

Tanbihi: Nimepanda paani kulichukua lije kuwa ushahidi. Shina limekaza, na maua yamefunguka mpaka yameficha chungu chake. Nikiwa bado kwenye ngazi, simu ikaita. Mke wangu anauliza mbona kimya kirefu hivi, kama ni mzima, na anasema kesho anarudi. Tafadhali msiichapishe barua hii. Ila nijibuni upesi, tena kwa matusi, nipate sababu ya kuandika nyingine ndefu zaidi.