Wageni: Sifuri

Jumamosi, 27 Aprili 1996

Nimeamua. Nahama! Miezi minne kwa Waya Orpah inatosha kumgeuza mtu mtawa. Waya ni dada yake Baba, Msabato wa kuzaliwa. Ijumaa jua likizama, redio inazimwa, jiko linazimwa, nami nazimwa. Leo mechi nzima imechezwa bila mimi. Nilikuwa kanisani, benchi la pili, nimebanwa katikati ya akina mama wawili wenye miili yao.

Lakini siku zangu hapa zinahesabika. Wiki jana nilimfuata Baba Migori, kwenye mashine yake ya kusaga, nikamwonyesha bajeti. Sisi wanafunzi wa uhasibu hatubahatishi. Unga, omena, mafuta ya taa, sabuni, makaa. Dharura: sifuri, kwa sababu nitakuwa mwangalifu. Wageni: sifuri, kwa sababu nitaishi peke yangu. Baba alisoma, akafika hapo kwenye wageni, akaanza kukohoa. Akasema ni unga umemwingia kooni.

Masharti yake: atalipa kodi na kunipa hela za chakula za mwezi wa kwanza. Jumapili ya tarehe mbili Juni, mashine ikiwa imefungwa, atakuja Homa Bay kuniona. Akinikuta nimeshiba na sijaombaomba, nitabaki na chumba changu hadi mtihani wa Desemba. Akikuta vingine, narudi kwa Waya. Benchi la pili.

Tulirudi pamoja hadi hapa mjini. Jambo la ajabu: kila gari linapofika Rodi Kopany, kamba za viatu vya Baba hufunguka. Aliinama akizifunga hadi tukapita soko lote. Lazima anunue viatu vingine.

Jumatano, 1 Mei

Nimehamia! Chumba kimoja nyuma ya soko, mlango wa bluu, kufuli mpya. Mwenye nyumba ni Mama Nyasuguta, Mkisii, mkali kama pilipili ya kwao. Amenionyesha kipande cha ardhi nyuma ya choo, kimejaa nyasi. Alisema ardhi inayolala inamuumiza roho. Nikamwambia mimi ni mhasibu.

Jirani yangu ni Gichana, tunasoma darasa moja. Bahati mbaya hiyo. Huyu ndiye aliyenipita kwa alama mbili muhula uliopita, na bado anazitaja.

Waya Orpah alinifungia sufuria moja na Biblia. Hakulia. Alisema tu kwamba mlango wake una bawaba za kufungukia nje na ndani. Sijui alimaanisha nini. Nilikuwa na haraka.

Ijumaa, 3 Mei

Jua limezama. Redio inalia! Nimeifungulia hadi mwisho, nikacheza peke yangu katikati ya chumba. Uhuru ni mtamu. Nimepika ugali, nikala na omena, dagaa wa ziwani kwetu, nikalala bila kuomba.

Jumanne, 7 Mei

Betri zimekufa. Bajeti haikuwa na betri. Nimezianika juani juu ya bati, kama kila mtu mwenye akili. Zimefufuka dakika chache, zikafa tena.

Gichana alikuja saa ya kula, akadai anatafuta chumvi. Nikamwambia nimekwisha kula, ingawa ugali ulikuwa unachemka nyuma yangu. Alikaa, akasubiri, akahadithia zile alama mbili. Ugali ukaungua. Kesho mimi nitaenda kwake kutafuta chumvi.

Alhamisi, 9 Mei

Balaa! Nilipotoka chuoni nilimkuta mtu ameketi mlangoni kwangu juu ya mfuko. Mjomba Nashon, kaka mkubwa wa Mama, kutoka Rodi Kopany. Shavu moja limevimba. Aliniita okewa, yaani mtoto wa dada yake, akanipa mkono, akasema kwamba habari zimefika hadi kwao: Elkana ana nyumba mjini.

Nikasema si nyumba, ni chumba. Akasema chumba ni nyumba ambayo haijaoa.

Amekuja kung'olewa jino. Tangu zamani watu wetu wakija mjini hulala kwa Waya Orpah. Leo kwa nini wasiende huko? Nilimuuliza kwa adabu. Akashangaa. Ataendaje kulala kwa mwanamke wa watu, na mwana wa dada yake ana mlango wake mwenyewe? Dunia itasema nini?

Amelala kitandani. Mimi niko chini, juu ya gunia. Mjomba anakoroma kwa Kiluo.

Ijumaa, 10 Mei

Jino limetoka. Sasa fizi ni kidonda. Omena zinamchoma, anasema. Apate kitu laini: samaki mbuta asiye na miiba, uji wa maziwa, mayai. Haombi, la! Anatazama tu sahani ya omena na kushika shavu. Mjomba akishika shavu mbele yako, utafanya nini? Ukimnyima kaka ya mama yako chakula, hata watoto wako ambao hawajazaliwa watasikia habari hiyo.

Nimenunua mbuta. Bajeti imevuja damu kuliko fizi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimepata dawa! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni ya tatu. Nimeazima jembe la Mama Nyasuguta, nikampa Mjomba kwa mikono miwili. Nikamwonyesha nyasi za nyuma ya choo, nikasema mwenye nyumba analalamika sana. Mtu mzima ataona aibu, atafunga mfuko, atapanda gari. Mimi ni fundi wa mambo haya.

Jioni: Mjomba amefurahi mno. Mikono ilikuwa inamwasha, anasema, hajazoea kukaa. Amelima nusu ya kipande. Mama Nyasuguta alisimama pembeni akimtazama kana kwamba anaangalia harusi. Alimletea chai. Mimi sijawahi kuletewa chai.

Jumanne, 14 Mei

Kulima kumeponya fizi. Jana Mjomba alikula ugali wa watu wawili, leo wa watatu. Kabla ya jembe alikuwa anakula kama mgonjwa. Ni nani alinituma!

Gichana amechungulia, akauliza kama nimeajiri kibarua. Nikamwambia anyamaze. Yule ni mjomba wangu. Gichana aliacha kucheka, akanitazama vibaya. Hata kwao Kisii, alisema, mjomba hapewi jembe. Nani amemuuliza?

Alhamisi, 16 Mei

Mpango mpya, wa hali ya juu. Mtu hukaa na shemeji yake kwa heshima na kwa umbali. Kwa hiyo nikamwambia Mjomba, kwa sauti ya masikitiko, kwamba Baba atafika tarehe mbili Juni kukagua chumba, na pengine hapatakuwa na nafasi.

Mjomba aliweka kijiko chini. Akauliza kama nina hakika. Tarehe mbili? Jumapili? Atakuja mwenyewe, na miguu yake? Nikaapa. Akasimama papo hapo, akavaa viatu, akaondoka kwenda Rodi Kopany. Hata chai hakumaliza!

Nimecheka peke yangu hadi machozi. Nikanunua mkate mzima na soda mbili, zote zangu. Hela za wiki ijayo, lakini mgeni hayupo.

Jioni: Amerudi. Ana koti la sherehe, mbegu za kunde kwenye kitambaa, na kuku wa rangi ya majivu. Koti limetundikwa msumarini kwangu. Kuku amefungwa mguu wa kitanda. Ni wa Baba, anasema. Mtu hamsubiri shemeji yake mikono mitupu.

Jumamosi, 18 Mei

Mbegu zimepandwa. Mistari imenyooka kuliko ya daftari langu. Kuku anakula unga wangu na kuninyia viatu. Jana alitaga, leo yai halipo. Namshuku Gichana. Mdomo wake ulikuwa na mng'ao.

Jumamosi, 25 Mei

Unga umekwisha. Mjomba ameenda kula kwa Mama Nyasuguta, ambaye sasa humwita Baba Kunde. Mimi sikualikwa.

Nimeenda kanisani kwa hiari yangu! Wasabato hupika Ijumaa, na baada ya ibada chakula hukutanishwa: wali, maharagwe, samaki, chapati. Niliimba kwa nguvu kuliko kwaya. Waya Orpah aligeuka kunitazama mara kadhaa. Baadaye aliwaambia akina mama kwamba Bwana ni mwema, kijana wake amehama nyumba ndipo akaokoka. Walicheka wote. Hata mchungaji.

Waya alinijazia sahani, halafu tena, bila kuniuliza kitu. Mara ya tatu alinishika bega, akasema nimekonda. Nilitaka kumwambia yote. Lakini kumwambia ni kama kuomba, na nimeapa kutoomba. Nikasema ni mazoezi. Akanifungia chapati za kwenda nazo. Izingatiwe kwamba sikuomba. Nilitazama tu.

Jumanne, 28 Mei

Gichana amenipa gorogoro ya unga, kopo la kilo mbili, nami nimemwachia redio yangu hadi nitakapomlipa. Anaipiga usiku kucha, kunikera. Hajui kwamba nasikia kila kitu kupitia ukutani. Redio ni yangu, betri anunue yeye! Nani sasa amempita mwenzake?

Ijumaa, 31 Mei

Niko tayari kwa Baba. Chumba ni aibu tupu: pipa la unga halina kitu, kuna kuku na gunia la kulalia, na Mjomba mwenyewe. Lakini Baba ni Mjaluo wa kweli, na baba haingii mahali penye kitanda cha mwanawe. Atasimama nje! Ataona mlango wa bluu, atamwona mwanawe amevaa shati lililopigwa pasi. Nitatoa stuli nje, nitafunga mlango, na Mjomba atabaki ndani na kuku wake. Nimemweleza. Amekubali haraka sana. Atatoka pale tu atakapoitwa na moyo wake, akasema.

Jumapili, 2 Juni

Baba alifika saa nne. Alisimama nje, kama nilivyosema! Akasifu mlango. Akazunguka nyuma kutafuta choo, na hapo akaona kunde. Mistari imenyooka, majani yameanza kukolea. Akauliza ni ya nani.

Ulimi wangu ulitangulia. Nikasema ni yangu.

Baba akanishika mkono, kitu ambacho hajafanya tangu nilipopita darasa la nane. Alidhani nimekuja mjini kucheza, akasema, kumbe nimekuwa mwanamume. Chumba ni changu hadi Desemba. Na kwa kuwa najilisha, hela za chakula hazitahitajika tena.

Sijui kama ningefurahi au ningelia. Sikupata nafasi. Mlango wa bluu ulifunguka, Mjomba Nashon akatokea na koti la sherehe, kuku chini ya kwapa.

Sijawahi kumwona Baba hivyo. Aliinama mara moja kushika kamba za viatu. Leo alikuwa amevaa malapa, hayana kamba.

Mjomba alimsalimu kwa upole, akaulizia familia, mvua, na mashine. Halafu akaulizia yule ng'ombe. Yule wa mwisho, wa mahari ya Mama, ambaye amekuwa njiani kuelekea Rodi Kopany tangu kabla sijazaliwa. Kule Migori, Mjomba alisema, kila akienda huambiwa shemeji ametoka sasa hivi. Lakini hakuna baba asiyekuja kuona nyumba ya mwanawe. Na okewa wake, Mungu ambariki, alimtajia hadi tarehe.

Baba aliniangalia. Sitaandika jinsi alivyoniangalia.

Kisha akatokea Mama Nyasuguta, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alimpongeza Baba kwa kuwa na shemeji mchapakazi, anayelima shamba zima kwa jembe alilopewa na kijana. Redio kwa Gichana ilizimwa. Baba akauliza polepole: kaka ya mama yako ulimpa jembe?

Mjomba akasema si neno. Kwa kulima hadai kitu. Ila labda, kwa ajili ya heshima, ng'ombe aje na ndama.

Baba alikubali palepale. Angefanya nini, mbele ya kuku? Mama Nyasuguta alimpika kuku huyo kwa majani machanga ya kunde, wakala wakicheka kama ndugu. Mimi nilipewa shingo.

Jumatatu, 3 Juni

Nimerudi kwa Waya. Hukumu ya Baba ilikuwa fupi: chumba changu kimemgharimu ng'ombe na ndama kwa mwezi mmoja, hakuna bajeti inayobeba kodi kama hiyo. Waya Orpah alinifungulia kabla sijabisha. Sahani yangu ilikuwa mezani, imefunikwa. Hakusema kitu kuhusu bawaba. Nilikula kwa haraka ili asione macho yangu.

Chumba amechukua Gichana. Kina nafasi zaidi, anasema. Redio yangu iko humo.

Jumatano, 5 Juni

Nimekaa na kutafakari kwa kina. Kosa nimeliona! Kosa lilikuwa Homa Bay. Mjini kila ndugu ana sababu ya kuja: jino, soko, macho. Anayetaka kuishi peke yake aende mahali ambapo hakuna anayekwenda.

Mjomba Nashon alipita leo kumsalimu Waya. Hana kinyongo hata kidogo. Nilimweleza fikra zangu, akazipenda sana. Anajua chumba Rodi Kopany, kodi nusu ya kile cha mlango wa bluu, ukuta kwa ukuta na boma lake. Pametulia kabisa, anasema. Kuna yeye tu, wake zake wawili, na watoto. Na hapo Baba hatanisumbua kamwe, maana hapatazami hata kwa dirisha la gari.

Nimeanza bajeti mpya. Unga, omena, betri. Dharura: sifuri. Wageni: sifuri. Hiyo ya mwisho nimeipigia mistari miwili.