Nani Anachuma Maua Yangu?

Jumatatu, 3 Juni 1996

Assalaam alaykum, kaka Shaame. U hali gani huko Wete? Kifua kimetulia? Sie huku London wazima, Alhamdulillah, ila goti langu na baridi. Ndiyo, Juni, na baridi! Ulisema simu zinakatika ovyo, niandike kila siku mpaka harusi ya binti yako Salha ipite, kisha nikutumie daftari zima. Basi naanza. Usimsomee mtu.

Habari kubwa: maua nimepata! Unakumbuka nilivyomshika mkono marehemu mkeo, nikamwapia kuwa mimi, shangazi mtu, ndiye nitakayembandika Salha kikuba, kile kishada cha maua na mrehani, kifuani siku yake. Sasa Jokha, shangazi wa bwana harusi, anatangaza Edgware Road nzima kuwa kama upande wetu hatuna maua mabichi, ataleta yake kwa ndege kutoka Maskati, na kumpamba atampamba yeye. Yeye! Nikamjibu kwa heshima kuwa maua yangu yapo nyuma ya nyumba, yanachanua.

Hayakuwapo. Astaghfirullah. Nikaswali rakaa mbili, nikaenda duka la miche.

Mwenye duka ni Mzungu mpole, Tom. Akanionyesha kichaka chenye maua ya rangi ya waridi. Kasema majani yake hayapukutiki mwaka mzima, na asili yake ni kisiwani, kwenye misitu ya misonobari. Kisiwani! Mengine sikuyasikia tena. Alisema mengi, mie naitikia tu yes, yes, kwa adabu. Akanipa na karatasi ya maelezo. Nimeitandika chini ya chungu, maji yasichafue sakafu ya uani.

Vitumba tele. Harusi Jumamosi. Jokha atakoma.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi nimehesabu maua kumi na moja. Mazuri, membamba kama karatasi ya kufungia peremende. Nikafua, nikaswali adhuhuri, nikatoka kuanika.

Hakuna hata moja!

Nikachungulia uani kwa Kalpana, jirani yangu. Mhindi wetu huyu, mzaliwa wa Hurumzi, Unguja, Kiswahili chake kinanishinda mie. Ana ufagio mkono mmoja, na mkono wa pili ana sinia lake la ibada. Na ndani ya sinia? Maua yangu! Akaniita, ee dada Baraka, ngoja nikwambie jambo kuhusu mti wako. Nikamwambia sina nafasi, nikafunga mlango kwa nguvu. Mwizi hana la kuniambia.

Lakini anachumaje upesi hivyo? Ana miaka sitini na mbili na kiuno chake kibovu kuliko goti langu.

Jumatano, 5 Juni

Leo ulinzi. Nikaweka kiti nyuma ya pazia la jikoni, tasbihi mkononi. Maua tisa. Saa nne, tisa. Saa tano, tisa. Kalpana katoka, kaanua sari, kaingia. Tisa.

Saa sita kengele ya mlango. Jokha! Amekuja kukagua. Kakaa, kanywa chai vikombe viwili, kasema nyumba yangu ndogo lakini ina joto, kisha anataka kuona hayo maua ya kifahari. Nikamtoa nje kwa maringo.

Mti mtupu. Petali zimelala chini kama vifuu vya jana.

Jokha akauliza kama haya ndiyo maua au ni mboga. Akasema atamwambia mpwawe alete asumini za Maskati kilo nzima. Nikasema maua yangu yana haya, hujificha mbele ya wageni. Sijui limetoka wapi neno hilo.

Sasa nimechanganyikiwa. Kalpana hakuukaribia mti, niliona kwa macho yangu. Au ni jicho la Jokha? Lakini maua yalikwisha kabla hajayaona. Jicho lapita ukutani?

Alhamisi, 6 Juni

Nimefukiza udi uani. Nimesoma Falaq mara saba. Nimeufunika mti kwa kanga yangu iliyoandikwa USIKITOLEE MACHO SI CHAKO, nikaifunga kwa pini, maandishi yakimtazama Kalpana.

Alasiri nikafungua. Petali zote zimo ndani ya kanga, zimeanguka! Pini hazijaguswa.

Nimefikiri sana. Jibu ni moja: kasoma kanga, kaogopa, karudisha.

Salha kaniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini mti umevaa nguo. Huyu mtoto tangu azaliwe huku Kiswahili anakisikia tu, hakisemi. Nikamwambia ajishughulishe na hina yake.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimewapiku wote. Alfajiri nimeuingiza mti bafuni, nikafunga komeo. Salha kaoga kwa jirani wa mbele. Saa mbili asubuhi maua kumi na manne! Nikayachuma yote, nikayafunga na mrehani kwa uzi, vikuba saba safi. Majani yana utomvu, vidole vimegandana hata tasbihi imenishinda. Nikaviweka kwenye kopo, kopo kwenye friji.

Kalpana hana njia ya kufika kwenye friji yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Kaingiaje?!

Nimefungua kopo asubuhi. Mrehani na vikonyo. Petali zote chini, zimenywea kama ngozi ya kitunguu. Nikakaa sakafuni jikoni, kaka, nikalia. Si kwa ajili ya Jokha. Niliuona mkono wa mkeo.

Saa nne mlango ukagongwa. Kalpana. Ana mfuko, umejaa asumini, mbichi, zina umande! Kaamka mapema, kapanda basi mpaka Neasden kwa mtu anayesuka mashada ya hekaluni. Akasema ee dada Baraka, wiki nzima nakuona unalinda mti kama askari wa benki. Ua lile hufunguka asubuhi, mchana limeshapukutika, hakuna anayelichuma. Petali upepo unazileta kwangu, nafagia, zile nzuri nampa Mungu. Nilitaka kukwambia Jumanne, ukanifungia mlango usoni.

Tukakaa wawili, tukasuka. Vidole vyake vyepesi!

Jokha kaja saa nane na kisanduku cha Maskati. Asumini zake zimekuwa kahawia njiani. Nikamkaribisha kiti, kwa heshima.

Nimembandika Salha kikuba mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Akainamisha uso, akanusa, akasema, kwa Kiswahili, kaka, kwa Kiswahili: shangazi, hii ndiyo harufu ya nguo za mama.



Jumapili, 9 Juni

Nyumba kimya. Nimetafakari.

Mtu hapandi basi alfajiri kumtafutia jirani asumini bila sababu. Ni toba ile. Nimemsamehe Kalpana, nimempelekea na halua. Kapokea, kacheka mpaka kashika ukuta. Anaficha aibu huyo.

Na ati ua linaloishi siku moja! Mungu aumbe kitu kizuri vile kwa asubuhi moja tu? Hayo ni maneno ya kunizuga.

Jokha anamwoza binti yake mwezi ujao. Nimemwahidi vikuba arubaini kutoka uani kwangu. Kwa hiyo nimerudi kwa Tom, nimechukua vichaka viwili zaidi. Kaanza tena kueleza, nimeitikia yes, yes. Karatasi zake nimezitandika chini ya vyungu.

Kaka, wewe fundi seremala. Nieleze kizimba cha kufungia miti mitatu kinajengwaje, chenye mlango na kufuli. Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako,
Mwanabaraka