Yah: Ombi la Kuhalalisha Mita ya Mama Kudra

Darasa la Sita,
Gungu, Kigoma.

Ndugu Afisa Vipimo,

Shikamoo. Mimi ni Elinipa, mwanafunzi ninayelipenda somo la Hisabati. Sijawahi kuandikia ofisi, hivyo nikikosea pa kuweka mkato, nisamehe.

Shule yetu inateua mlinda goli mmoja wa timu ya netiboli itakayopanda treni kwenda Tabora. Mwalimu Rodgers, anayefundisha Hisabati na michezo, ameandika ubaoni kwamba asiyefika mita 1.60 asijisumbue kuja uwanjani. Utepe wa shule unasema mimi ni sentimita 144. Majina yanafungwa Ijumaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtaa wetu una mita mbili. Moja ni ya utepe wa shule. Nyingine ni ya Mama Kudra, muuza vitambaa. Ni fimbo ya mbao ambayo wateja tunaiita "mita" kama jina lake. Zamani ilibanwa na mlango wa daladala, ncha ikakatika, akaipiga msasa ikapendeza. Mama aliponung'unika kwamba kitambaa cha sketi yangu hakitoshi, alijibiwa, "Mama Elinipa, usiisingizie mita. Mtoto ndiye amekua." Jibu hilo lilinigusa. Niliipima fimbo ile kwa utepe, ikawa sentimita 90. Nikagawanya 144 kwa 90, nikapata 1.60, bila baki.

2. Kubadili vipimo hakujanisaidia. Nilijibadili kuwa milimita, nikawa 1,440, nikafurahi mpaka kengele ya uji. Nikajibadili kuwa kilomita, nikawa 0.00144, nikakosa hamu ya uji wenyewe. Mwalimu Rodgers alisema, "Elinipa, umeongeza sifuri, hujaongeza mtoto." Yeye ni mrefu, hawezi kuelewa.

3. Dagaa wanapendelewa. Mama hununua mwaloni, kwa wavuvi, kilo moja ya dagaa wabichi. Wakishakauka juani hubaki gramu 250 hivi, na hakuna anayewaita waongo, kwa kuwa walipimwa wakiwa katika hali yao nzuri. Mimi nilipimwa mchana, nikiwa nimetoka kubeba ndoo ya maji kichwani. Naomba haki sawa na dagaa.

4. Taifa litafaidika. Kina cha ziwa letu ni mita 1,470. Kwa mita ya Mama Kudra kinafika 1,633. Ziwa Baikal la Urusi, linalotuzidi, lina mita 1,642. Zitabaki mita tisa, ambazo naamini masika moja nzuri inaweza kuziongeza. Warusi wasipimwe upya, maana Mama Kudra hana tawi kule. Hasara ninayoiona ni moja: reli ya Tabora itarefuka, na abiria watafika wamechoka zaidi. Mimi niko tayari.

Kwa hiyo naomba uje na mhuri wako, uugonge kwenye fimbo hiyo, iwe mita halali ya mkoa kabla ya Ijumaa.

Wasalimie wote ofisini, walio warefu na wengine. Baba yangu, muuguzi aliyehamishiwa hapa kutoka Same, anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Mimi mwenye urefu unaojadiliwa,
Elinipa

N.B. Mwalimu Rodgers ameisoma barua hii ili anisahihishie tahajia. Akaagiza fimbo iazimwe, akatupima wasichana wote, kwanza kwa utepe, kisha kwa fimbo. Kwa fimbo, sote tumekua. Wema, aliye mrefu kuliko sote, ametoka 1.53 hadi 1.70. Nguzo ya goli nayo imetoka 3.05 hadi karibu 3.39, nami nimebaki vilevile chini yake. Tafadhali usije, hasa kwa ajili ya lalamiko la kwanza. Mama Kudra ameniuliza kama Afisa Vipimo ni mtu wa kununua vitambaa.

Kwa utepe, hakuna hata mmoja wetu aliyefika 1.60. Mwalimu ameifuta namba yake ubaoni, akasema Ijumaa wote twende uwanjani tukadake mpira. Hilo ndilo nililotaka kuomba tangu mwanzo, ila sikujua kipimo chake.