Malalamiko ya Jirani wa Pekee wa Jamhuri ya Bata Wastaafu

Ngazi za Mtakatifu Rufo, Na. 11
Coimbra
3 Juni

Kwa Bwana Valdemar Quintela,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mtaa.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA WANAFUNZI WA NYUMBA NA. 13

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limepata nafuu baada ya kupanda ngazi zetu zote mia na nne Jumanne iliyopita. Ahsante kwa keki. Ilikuwa nzuri, ingawa aliyeipika aliyaonea huruma mayai.

Uliniomba niandike malalamiko yangu yote bila kuacha kitu, na sababu ulinieleza waziwazi. Mwenye nyumba namba 13, ambaye nasikia ni shemeji yako, anataka kuwatoa wanafunzi wanaokaa humo na kuigeuza vyumba vya watalii. Wanafunzi hawataki kutoka. Kanuni ya mtaa inasema watatoka iwapo jirani anayepakana nao kwa ukuta atalalamika kwa maandishi, na jirani huyo ni mimi peke yangu, kwa sababu upande wa pili kuna kanisa dogo lililofungwa tangu ujana wa mama yako, na watakatifu waliobaki mle ndani hawashiki kalamu. Ulisema, "Dona Felisbela, barua yako moja tu, na mwisho wa mwezi wale wako nje."

Mimi ni mtu wa milimani. Nikipewa kazi, naifanya. Nimekaa mji huu miezi saba tu, tangu nilipohama Vinhais baada ya kufiwa na mume wangu, lakini nimeona ya kutosha kujaza karatasi.

1. Kuhusu kuishi mpakani.

Nilipokodi kijumba hiki hakuna aliyeniambia kwamba ukuta wangu wa kushoto ni mpaka wa nchi. Vijana wale wanaiita nyumba yao Jamhuri. Wana bendera yenye picha ya bata aliyevaa miwani, wana waziri wa vyombo na waziri wa mikate, na kila mwaka wanasherehekea kutimiza miaka mia. Niliwauliza inawezekanaje, wakanieleza bila kucheka kwamba mle ndani mwaka mmoja ni karne. Kwa hiyo mwezi Machi nilialikwa kwenye sherehe za karne ya sitini na tatu. Walikuja wazee wenye vipara waliowahi kukaa humo, majaji watu wazima na madaktari wa meno, wakala ng'onda kwa viazi na kukumbatiana huku machozi yanawatoka.

Mimi nina miaka sabini na mmoja. Kwa hesabu hiyo nina miaka elfu saba na mia moja, na kijana mmoja alinipisha kiti akinitangaza hivyo mbele ya majaji. Naomba Kamati itoe tamko kama kalenda ya Serikali bado inatumika katika ngazi zetu.

2. Kuhusu kikohozi changu na matumizi yake mabaya.

Nilifika Novemba nikiwa na kifua. Kila siku saa kumi na moja jioni vijana wanne hutoka uani na magitaa yao na kufanya mazoezi ya nyimbo za majonzi kana kwamba wote wameachwa siku moja. Kwetu Vinhais anayeimba vizuri hupigiwa makofi. Hapa, kama unavyojua wewe mzaliwa wa hapa, kuwapigia makofi waimbaji hao ni utovu wa adabu, na msikilizaji aliyeguswa hukohoa. Mimi nilikohoa kwa ugonjwa. Nikikohoa, wanaimba tena. Nikifungua dirisha niwaombe wanyamaze, baridi inaingia, nakohoa zaidi, nao wanainama kwa heshima na kuanza wimbo mwingine. Siku moja nilihesabu nyimbo tisa.

Habari zikaenea mjini kwamba kwenye Ngazi za Rufo amehamia mama mwenye sikio la muziki kuliko maprofesa, na Jamhuri nyingine tatu zikaleta waimbaji wao wapimwe chini ya dirisha langu. Januari nilipopona, niliwapigia makofi ili kuwafukuza, kama mtu anavyofukuza kuku. Waliingia ndani vichwa chini. Kesho yake waliniletea supu ya kabichi na chupa ya asali, wakiamini kwamba ugonjwa sasa umenipanda kichwani.

3. Kuhusu joho.

Hili ndilo zito, naomba ulisome ukiwa umekaa.

Nimekuwa fundi cherehani miaka arobaini na minne. Nusu ya Vinhais nimewashonea nguo za harusi, na nusu nyingine nguo za kuzikiwa. Nguo iliyochanika siwezi kuiona nikapita. Sasa, wanafunzi wa hapa huvaa joho jeusi la sufu mabegani, na kamba ya Jamhuri ya kuanikia nguo inapita chini ya dirisha langu. Mwezi Aprili lilitundikwa pale, lipigwe na upepo, joho la kijana aitwaye Gaspar, anayesomea mawe, kana kwamba mji huu hauna ngazi za mawe za kumtosha. Lilikuwa limepasuka pindoni mahali saba. Lilinuka moshi, mvua na kitu kingine nisichoweza kukiandikia Kamati. Nikalivuta ndani, nikalifua kwa sabuni ya kipande, nikaishona mipasuko yote saba kwa mshono wa kificho ambao hata mama mkwe wangu hakuwahi kuutia kasoro, nikalipiga pasi na kulirudisha kambani. Nilikaa nikisubiri kushukuriwa.

Nani angeniambia kwamba joho la hapa halifuliwi kamwe? Nani angeniambia kwamba mipasuko ile ni ya makusudi, kila mmoja umechanwa kwa mkono au kwa meno na mtu anayempenda mwenye joho? Kulia huchana marafiki, kushoto watu wa nyumbani, na katikati, mgongoni, mpenzi. Na ule wa mgongoni ukionekana umeshonwa, maana yake mapenzi yamekwisha.

Msichana wake, Iolanda, alikuwa ameketi nyuma yake darasani, akauona mshono. Hakumsemesha siku nne. Gaspar hakujua kosa lake, kwa sababu mtu haoni mgongo wake mwenyewe, na nyumba nzima ikakosa raha. Magitaa yalinyamaza. Waziri wa mikate aliunguza mikate mara mbili.

Siku ya tano Iolanda alipanda kwangu, akaniuliza kwa upole wa kutisha kama mimi ndiye niliyeshona. Nikasema ndiyo, nikamwonyesha uzi. Alikaa kitandani kwangu akacheka mpaka akashindwa kuinuka, halafu akaenda kumwita Gaspar. Nilitarajia kufokewa, na majibu nilikuwa nayo tayari, makali. Kijana hakufoka. Aligeuza pindo la kushoto, akalipapasa kwa kidole huku na huku asikute kitu, akasema, "Bibi, hapa alichana mama, kabla hajaumwa. Sikulaumu. Nionyeshe tu palikuwa wapi."

Mheshimiwa, kazi ile niliifanya vizuri mno. Ilinichukua mchana mzima dirishani, miwani mbili puani, kuutafuta mshono wangu mwenyewe na kuutoa uzi kidogo kidogo bila kugusa sufu. Niliupata mpasuko wa mama yake. Ulikuwa na urefu wa kidole cha kati, na kwenye ncha ulipinda kidogo, kama aliyechana alikuwa anacheka. Gaspar alilivaa joho akashuka ngazi, nami nikalia, kwa mara ya kwanza tangu nilipomzika mume wangu. Jambo hili naomba liandikwe dhidi ya Jamhuri kwa wino mzito, kwa sababu nilihamia hapa nikiwa nimeshaamua kwamba kulia nimemaliza.

4. Kuhusu uharibifu wa jino.

Wiki iliyofuata Gaspar alirudi na joho lilelile, akaniomba nilichane. Nilimwuliza upande gani. Akageuza kushoto. Nikamkumbusha kwamba kushoto ni kwa watu wa nyumbani.

"Najua, Bibi," akasema. "Ndiyo maana nimekugeuzia huku."

Nikamwambia mkasi uko droo ya pili. Akasema mkasi hauruhusiwi. Basi mimi, niliyekula mkate miaka yote hiyo kwa kuunganisha vitambaa, nililichana vazi zima la sufu nzuri mbele ya mashahidi wanane. Mikono haikutosha, nikatumia meno, na jino langu la bandia la mbele likabaki katika pindo. Daktari wa meno, ambaye naye alikaa Jamhuri ile na kwa hesabu yao alihama karne kumi na tisa zilizopita, alilirudisha siku ileile. Lakini haling'ati tofaa kama zamani.

5. Mengineyo, kwa kifupi.

Vijana hunibebea mtungi wa gesi kabla sijawaita, hivyo sina tena la kulalamika kuhusu mtungi. Mbele za watu huniita Daktari, jina ambalo mji huu humpa kila mtu mpaka kinyozi. Kila asubuhi hugonga ukuta mara mbili nami napaswa kujibu mara mbili, na nisipojibu hadi saa tatu mtu anapanda kuangalia kama niko hai. Jumapili ya pili ya Mei nilikuwa kanisani. Niliporudi niliwakuta sita sebuleni, kitasa kimevunjwa, na yule waziri wa vyombo, kijana mrefu kama mlango, amekaa sakafuni na kile kitasa mkononi. Alipaswa kuniomba radhi kwa ajili ya kitasa. Badala yake alinigombeza, akasema, "Bibi, siku nyingine ukitoka uage."

Tangu nimekuwa mtu mzima hakuna aliyewahi kuniambia niage.

Kwa haya yote nathibitisha, nikiwa na akili timamu, kwamba kupakana na nyumba namba 13 hakumfai mtu yeyote aliyekuja mjini kukaa kimya akisubiri siku zake ziishe. Mtu wa namna hiyo hapati nafasi. Naomba Kamati ichukue hatua kali kama kanuni inavyoelekeza. Nimeweka sahihi na dole gumba ili pasiwe na shaka.

Nisalimie mkeo, Dona Zulmira, na umwambie gauni lake la kijani liko tayari, na kiunoni nimeongeza sentimita mbili bila kumwambia mtu. Wasalimie pia mama mkwe wako, karani wako aliyekushika mkono kwenye ngazi, na shemeji yako, ambaye sijabahatika kumwona akizipanda.

Wako katika kutii kanuni,

Felisbela Morgado (alama ya dole gumba hapo chini)

Tanbihi: Barua hii imechelewa siku mbili kwa sababu nilikuwa nahama. Mpishi wa Jamhuri amekwenda kuishi kwa binti yake, na juzi wakati wa chakula cha mchana wote wanane waliinua mikono wakanipa chumba cha chini kisicho na ngazi, pamoja na jiko na uwaziri wa sindano. Mizigo ilipitishwa mkono kwa mkono, na cherehani aliibeba Gaspar peke yake. Kabla ya kubandika stempu nimeisoma tena kanuni uliyoniachia, na inasema wazi kwamba mlalamikaji lazima awe jirani. Mimi sasa ni mkazi wa namba 13. Jirani anayepakana na Jamhuri ni kijumba kitupu cha namba 11, ambacho nimekilipia mpaka Desemba na ufunguo wake ninao mfukoni. Kikilalamika, nitakuletea barua yake mwenyewe.