Moteri ya Hubert na Bwate Yangu

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba, 1986

Siku imeanza vibaya. Symphorien, shefu wa kartie, mtaa wetu huu, amekuja na daftari. Akileta amri huniita Citoyen Kiyumba; akileta kiu huniita Papa Siméon. Leo nilikuwa Citoyen, yaani Mwananchi. Mgeni mkubwa anakuja kutoka Lubumbashi, amesema, na kartie lazima ing'ae. Jumamosi, siku ya salongo, usafi wa lazima wa watu wote, gari yoyote isiyotembea itavutwa na trakta na kutupwa kwenye shimo la takataka. Nikamjibu kwamba yangu inatembea. Akauliza ilitembea lini mara ya mwisho. Nikasema inapumzika kidogo. Miaka saba.

Gari yangu ni ya mwaka 1957. Niliipata kwa Mbelgiji mmoja, mpima ardhi, alipokuwa anakimbilia meli mwaka 1960. Rangi yake ilikuwa ya maziwa; sasa haina jina. Kila jioni naingia, nafunga mlango, nashika usukani. Kiooni naliona ziwa lote, na milima ya ng'ambo ikififia katika ukungu wa kiangazi. Nimefika mbali mle ndani. Kabalo nimefika, Manono nimefika. Siku moja nilipitiliza hadi nchi nisiyoijua, watu wakanipungia mikono kana kwamba walikuwa wananingoja.

Shemeji yangu wa Lubumbashi hubadilisha gari kila miaka miwili. Hajaifahamu hata moja. Watu wa Kigoma, huko ng'ambo ya ziwa, husema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mke wangu, Mama Léonie, amesema huko shimoni gari itapata wenzake. Anasahau kwamba ndagala zake, dagaa wa ziwani, anazianika juu ya boneti. Sikumkumbusha.

Jumanne, tarehe 8

Akili imekuja wakati wa kunyoa ndevu. Barabara yetu inateremka moja kwa moja hadi ziwani. Gari inayoteremka inatembea. Nani atakataa?

Nimewaomba wanaume wanne wanisukumie. Symphorien nilimweka chini ya kivuli, na kiti, aone vizuri. Nikaachia. Ee Mungu, imetembea! Upepo uliniingia masikioni, nyumba zikapita moja moja zikinitazama, nami nilikuwa kijana mwenye nywele. Nilimpungia Symphorien mkono. Nilimpungia pia mama wa mihogo, ingawa yeye alikuwa anakimbia. Breki nilikuwa nimezisahau. Tulizitoa mwaka 1981.

Imesimama mchangani, magurudumu ya mbele majini. Sikushuka. Mawimbi yalikuwa yakigonga polepole chini ya miguu yangu, na niliona wazi kwamba nikikanyaga kidogo tu nitafika Kigoma kwa chakula cha jioni. Symphorien akaja taratibu, mikono mgongoni. Alikiri ameiona ikitembea, tena vizuri sana. Kisha akaniomba nirudi nayo juu.

Jumatano, tarehe 9

Gari bado iko mchangani. Nimeshinda humo. Wanawake wa ndagala wamesogeza mikeka yao karibu na kunisalimia kwa heshima, kama mtu aliyekuja na meli.

Léonie aliniletea ugali huko huko, na pamoja na ugali jina la Hubert. Hilo lilinikata hamu. Hubert ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Ana gari kama yangu, ya mwaka ule ule, aliyoipata wiki ile ile. Yangu ilikufa moteri, injini yenyewe. Yake ilikufa bwate ya vitesi, ile giaboksi, mwaka mmoja baadaye, na siku hiyo nililala vizuri. Moteri yake ni nzima; bwate yangu ni nzima. Kartie nzima inajua. Kwa miaka sita kila mmoja anangoja mwenzake achoke.

“Papa Siméon,” Léonie akaniambia, “ninyi wawili muko na gari moja. Inakosa tu muntu mwenye akili wa kuiunganisha.”

Nilimweleza kwamba gari yangu ikitembea kwa moteri ya Hubert, Hubert atasema ni yeye anayetembea. Akachukua sahani yake akaondoka. Ugali ulikuwa haujaisha.

Alhamisi, tarehe 10

Mbinu safi. Nilikwenda kwa Hubert, nikamnong'oneza kwamba Symphorien atakuja kesho kukusanya moteri zote nzima. Kwa sababu ni jirani, niko tayari kumfichia ya kwake ndani ya gari yangu. Nani atatafuta moteri mchangani?

Hubert alisikiliza kwa makini. Akasema ni ajabu, kwa maana yeye alikuwa anavaa viatu aje kuniambia kwamba wanakusanya bwate.

Akamimina chai. Baadaye akasema, bila kunitazama, kwamba marehemu mke wake, Dorothée, alizoea kukaa katika gari yao, kiti cha kando ya dereva, na kile kiti bado kimebonyea. Jioni huwa anakiwekea mkono. Miaka yote hii nilifikiri anakaa mle kunionyesha mimi. Nilijifanya napenga kamasi, lakini nilikuwa nalia.

Tumepatana. Moteri yake itaingia kwangu, kwa sababu gari yangu ina matundu machache. Gari yake ataiaga, iende shimoni. Nilikubali upesi mno, na sasa naona aibu.

Ijumaa, tarehe 11

Jean-Baptiste, fundi wa zamani wa reli, amefanya kazi tangu alfajiri, suruali imekunjwa magotini. Moteri ililetwa mchangani kwa miti miwili na wanaume sita, kama jeneza, na Hubert nyuma yake kofia mkononi. Saa tisa ikakohoa. Saa kumi ikaimba. Wanawake wa ndagala walipiga vigelegele na Léonie pia, halafu akajifanya si yeye.

Hubert hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama barabara, kule juu, gari yake.

Jumamosi, tarehe 12

Nimepanda na gari hadi juu! Polepole, moshi mwingi, Léonie kando yangu na kitenge kipya. Symphorien akafuta jina langu daftarini. Kisha akaiita trakta kwa ajili ya gari ya Hubert.

Hubert alisimama mlangoni kwake. Nilishindwa kuvumilia. Nikachukua kamba ya nyavu, nikaifunga gari yake nyuma ya yangu, nikakanyaga. Zikatembea zote mbili. Symphorien akapaza sauti kwamba ile haitembei, inavutwa.

“Inavutwa na moteri ya nani?” nikamuuliza.

Akafikiri. “Ya Papa Hubert.”

“Basi gari ya Papa Hubert inatembea na moteri yake. Njo amri yako ile, ao hapana?”

Aliitafuna kalamu. Kisha akafuta jina la Hubert pia na kuuliza kama kuna kitu cha kunywa, Papa Siméon. Wakati ule ule moteri ilipasuka, na bwate ikameza meno yake yote. Jean-Baptiste alitazama chini ya boneti, akavua kofia.

Mgeni wa Lubumbashi hakuja.

Jumapili, tarehe 13

Misa, kisha amani. Gari zetu zimesimama bega kwa bega mbele ya nyumba, zikitazama ziwa. Léonie ameuliza kama sasa tunaweza kuwapa gari hizo watu wa kusubu sufuria, wanaoyeyusha vyuma. Nimemweleza kwa upole kwamba nimesikia habari ya gari ya tatu, ya mwaka ule ule, huko Mpala karibu na misheni. Moteri nzima na bwate nzima. Imekosa magurudumu tu, milango, na njia ya kuileta. Pirogi mbili, mitumbwi ya wavuvi, zikifungwa pamoja zitaibeba. Léonie amekwenda kwa dada yake.

Jioni Hubert aliingia kwenye gari yake, mimi kwenye yangu; tukafunga milango, tukashika usukani. Tulikwenda vizuri, kimya, maji yakiwa ya dhahabu. Nilitaka kumwambia habari ya Mpala, tugawane kama ndugu. Lakini karibu na Nyunzu, kwenye njia ya Kabalo, penye kona, Hubert alinipita kwa kasi, bila hata kupiga honi.

Mpala nitakwenda peke yangu.