Wakili wa Pande Zote Mbili

Jumatatu, 9 Agosti 1999

Nimerudi Gisenyi likizo. Mwaka wa kwanza wa sheria umekwisha. Au tuseme karibu. Umebaki mtihani mmoja wa kurudia mwezi wa tisa, ule wa mikataba na madeni. Profesa alinipa saba juu ya ishirini. Gere tu! Anayefundisha sheria humwonea gere atakayeitumia.

Callixte, jirani yetu tunayesoma naye, alipata kumi na sita. Siri yake nimeigundua: anasoma vitabu. Hana kipaji, maskini.

Darasani nusu hawajui Kifaransa, wale waliorudi kutoka Uganda. Nusu nyingine hawajui Kiingereza. Kilatini hakijui mtu. Ndiyo maana nakipenda.

Nimewatangazia nyumbani waniite Maître, kama mawakili wote. Mama kasema Maître akachote maji.

Jumanne, 10 Agosti

Kesi! Nyumbani kwetu!

Mama na rafiki yake Vénantie wana duka moja karibu na soko. Mama anauza vitenge, Vénantie anashona. Wamekuwa pamoja tangu sijaota meno. Leo cheche imeruka kutoka pasi ya makaa ya Vénantie ikatoboa kitenge ambacho Mama alikuwa avae Jumamosi, harusi ya dada yangu Umutoni. Vénantie akaomba radhi. Mama akasema si kitu, atakikunja pale penye tundu. Wakaanza kucheka!

Nikaona kesi inakata roho mbele ya macho yangu. Nikamvuta Mama pembeni. Nikamweleza: kosa lipo, hasara ipo, na hasara imezaliwa na kosa. Akinyamazia kitenge leo, kesho ni duka zima. Mama akafikiri. Akaenda kudai kitenge kipya. Vénantie aliduwaa, sindano mdomoni.

Chai hawakunywa pamoja.

Callixte amenishauri niwapatanishe. Mwanasheria anayepatanisha watu ni kama muuza miavuli anayeombea jua.

Jumatano, 11 Agosti

Vénantie amenisimamisha njiani. Macho mekundu. “Maître, we njo ulisoma. Mi nifanye nini?”

Maître! Bila kulazimishwa! Mteja wa namna hiyo unamfukuzaje?

Nikamwambia kitenge kilining'inia upande wake wa duka, kwa hiyo Mama naye ana kosa. Kisha ikanishukia hoja tamu kuliko zote. Gauni la harusi la Umutoni si analishona yeye? Basi alizuie! Iko haki ya namna hiyo: unashika kitu cha mwenzako mpaka mgogoro wenu uishe. Nilisisimka mwili mzima.

Ni kweli bibi harusi ni dada yangu. Lakini sheria haina dada.

Alhamisi, 12 Agosti

Umutoni alikwenda kujaribu gauni. Amerudi analia. Vénantie amelipeleka kwake, mikono haijaungwa, na hatoi.

Mama akaniuliza kama hilo ni halali. Nikajibu kwamba kwa mtazamo wa kwanza ni halali kabisa, tena ni hoja ya mtu mwenye akili. Lakini duka limeandikwa jina la nani? La Mama. Akaweka kufuli. Cherehani ya Vénantie imo ndani.

Sasa mmoja ana gauni, mwingine ana cherehani. Pande zote mbili zimeshinda! Mahakama gani ingeweza?

Callixte anasema haki ile haifanyi kazi hapa, kwa kuwa gauni na kitenge havihusiani. Anasema imo katika sura ileile niliyofeli. Akili ya kukariri hiyo.

Wageni wa Bugeshi wameshateremka na viazi. Mjomba amevusha viti kutoka Goma. Bwana harusi, Hirwa, anayetengeneza mashua Rubona, amekuja kuuliza kama harusi ipo. Nikamwambia suala liko mbele ya sheria. Akakaa chini, palepale kwenye majani.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimeitisha kikao mbele ya duka. Soko zima limekuja.

Nikasimama kushoto, nikamtetea Mama. Makofi! Nikahamia kulia, nikamtetea Vénantie, nikajibomoa hoja moja baada ya nyingine. Nikarudi kushoto kujijibu. Sijawahi kukutana na mpinzani mkali kama yule.

Vénantie akasimama. “Maître, pardon. We uko upande ya nani?”

Nikasema niko upande wa haki. Mama akamuuliza Vénantie nani alimwambia azuie gauni. Vénantie akamuuliza Mama nani alimwambia kuhusu kufuli. Wote wawili wakageuka, polepole, wakaniangalia.

Callixte alianza kucheka. Hana adabu ya mahakama.

Mama akafungua kufuli. Vénantie akaketi mbele ya cherehani yake, akaiwekea mkono kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyepotea akapatikana. Akalia. Mama akamfuta machozi kwa kile kitenge chenye tundu. Na mimi nikafikicha macho kidogo. Vumbi la soko.

Kisha wamenihukumu kumenya viazi, gunia zima, bila kunisikiliza. Hakuna haki ya kukata rufaa katika nyumba hii.

Jumapili, 15 Agosti

Harusi imefana. Gauni lilimkaa Umutoni hata Hirwa akasahau maneno ya hotuba yake. Mama na Vénantie walicheza mpaka viatu vikawashinda.

Nimetafakari. Kesi mahakamani huchukua miaka. Yangu ilianza Jumanne ikaisha Ijumaa, wateja wote wanacheka. Profesa angekuwepo!

Jumanne, 17 Agosti

Umutoni amekuja peke yake asubuhi. Hirwa anataka wakae Rubona kwa mama mkwe. Yeye anataka chumba hapa mjini. Nimemwambia ana haki kamili, asirudi nyuma hata hatua moja. Ameondoka kifua mbele.

Jioni amekuja Hirwa, peke yake, analalamikia mke. Nimemsikiliza kwa makini sana. Nimemwambia naye ana haki kamili.

Nimewapangia vizuri. Mke atakuwa anakuja asubuhi, mume jioni. Wasije wakakutana mlangoni.