Popo na Kabati la CD

Duniani hapakuwa na sikio kama la Popo! Mwenyewe ndiye aliyesema, na mwenyewe ndiye aliyejibandika hilo jina. Sisimizi akikohoa jikoni, Popo yuko sebuleni anampa pole.

Basi Popo alikuwa na kabati zima la CD, na alikuwa ameapa kuziingiza zote kwenye kompyuta. Kazi ya siku chache tu, jamani! Tatizo lilikuwa aina ya faili. Mwaka wa pili huo anachagua, na hajaingiza hata CD moja.

"MP3 inakata muziki ili faili iwe ndogo," alimhubiria shemeji yake, kaka wa mkewe. "Ni kama kumnyoa simba! WAV haikati kitu, ila inajaza nafasi kama mgeni aliyekuja na magodoro yake. FLAC sasa! Inaukunja muziki kama shati. Ukiukunjua, hata kishikizo hakijapotea. Ila bado naitafakari."

"Katafakari nje," mkewe akadakia, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na vitambaa vya wateja vilikuwa vimetamalaki kitandani, wenye kitanda wakijibana ukingoni. "Leo nalitaka kabati."

"Mke wangu, nikikosea aina, muziki umekufa!"

"Na ukiusikia huo uliokufa, utaujua?"

"Mimi? Popo?"

"Haya. Kaka kaingiza CD yako moja asubuhi, kwa aina zote. Tutakupigia wimbo uleule mara tatu. Ukiitambua FLAC, kabati ni lako mpaka uzeeni. Ukikosa, CD zote uvunguni, leo leo."

Popo akacheka cheko la bingwa. Akafumba macho, akanyoosha shingo kama jogoo anayesubiri kupigwa picha. Shemeji akabonyeza.

Mara ya kwanza. "Uji mtupu! Umekatwa huo!"

Mara ya pili. "Afadhali. Lakini kuna mtu kaupitia na mkasi."

Ya tatu ilipoanza, Popo akashika kifua. Chozi likamtoka, haki ya nani vile!

"Huu! Hii ndiyo FLAC! Sikieni kile chuma kwa nyuma, ting... ting... Na yule mama anayeitikia kwa mbali! Kwenye MP3 humpati huyo, washamkata!"

Shemeji alikuwa kaficha uso kwenye mto wa kochi, mabega yakimrukaruka.

"FLAC ilikuwa ya kwanza," mkewe akasema taratibu. "Ule uji."

"Na huu je?"

"Huu nimeurekodi kwa simu, wimbo ukilia huku sebuleni, mimi niko jikoni. Chuma ni kijiko, nakoroga chai. Na yule mama ni mimi."

Popo akafumbua jicho moja.

"Kumbe unaimba vizuri hivyo?"

"Tangu unioe naimba hivyo. Haya, bwana masikio, anza na rafu ya juu."